Kompyuta isiyowaka huenda haijafa

Kompyuta kongwe ya mezani inapogoma kuwaka, hukumu hutolewa haraka: imekufa. Mwenye nayo huambiwa anunue madabodi mpya, au aisukumie stoo pamoja na hesabu, barua na picha zote zilizomo. Mara nyingi kilichokufa ni kisanduku kimoja tu cha chuma kilicho nyuma ya mashine, pale waya wa umeme unapochomekwa.

Kisanduku hicho, pawa saplai kwa lugha ya mafundi, hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, ambao ndio unaotumiwa na viungo vingine vyote vya kompyuta.

Dalili za asubuhi

Pawa saplai mara nyingi huugua polepole. Asubuhi kitufe hubonyezwa, feni ikazunguka kidogo na kusimama. Mashine hukubali kuwaka baada ya kujaribiwa mara ya tatu au ya nne. Ikishapata joto, hufanya kazi mchana kutwa kana kwamba haijapata kuugua.

Kisa ni kapasita, vijikebe vidogo vinavyoutuliza umeme. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka kwa joto na kwa miaka, na kapasita iliyokauka huwa dhaifu zaidi ikiwa baridi. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina balaa la ziada, kwa kuwa wakati huo kapasita nyingi mbovu ziliingia viwandani. Zilizoharibika huvimba kichwani au kuvuja.

Dalili nyingine ni mashine kujizima ghafla kazi inapozidi. Hapo virusi husingiziwa mengi.

Swichi nyekundu

Kabla ya kupima lolote, itazamwe swichi ndogo, aghalabu nyekundu, iliyo nyuma ya visanduku vingi vya zamani, yenye alama 115 na 230. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120. Wa Afrika Mashariki ni kati ya 230 na 240. Kompyuta iliyotumwa na jamaa aliyeko Marekani, ikachomekwa Mombasa swichi ikiwa ingali kwenye 115, hulipuka kwa kishindo na kutoa moshi. Zawadi iliyovuka bahari kwa wiki kadhaa huharibika kwa nukta moja.

Kupima

Kipimo cha kwanza chataka multimita tu. Kompyuta ikiwa imechomekwa lakini haijawashwa, waya wa zambarau kwenye plagi pana ya madabodi unapaswa kuonyesha volti 5. Ukionyesha sifuri, ilhali soketi ya ukutani ni nzima na swichi ya nyuma iko wazi, kisanduku kimekwisha.

Ukiwa sawa, umeme huchomolewa, plagi zote hutolewa kwenye madabodi, kisha waya wa kijani huunganishwa na mweusi wowote kwa kipande kifupi cha waya, huku diski moja ya zamani ikiachwa kama mzigo. Umeme ukirudishwa, feni izunguke.

Wengi hukomea hapo, na ndipo wanapokosea. Feni huweza kuzunguka kwa umeme usiotosha kuendesha kompyuta. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6; mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Vipimo hivyo vina maana zaidi vikichukuliwa kompyuta ikiwa kazini, kwani kisanduku dhaifu husema kweli kikibebeshwa mzigo.

Kukifungua ni jambo jingine. Kapasita kubwa za ndani huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo huua. Kazi hiyo aachiwe fundi wa redio na televisheni aliyezoea kuzimaliza chaji.

Njia nyepesi ni kupachika kisanduku kutoka mashine nyingine, kwani plagi hizo zimefuata utaratibu mmoja, uitwao ATX, tangu 1995. Isipokuwa baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990: plagi huingia vizuri kabisa, lakini nyaya zimepangwa vingine, na madabodi iliyokuwa nzima huungua.