Je, Wajua? Ruba wa Chambo Hanyonyi Damu

Mtaje ruba mbele ya watu, mazungumzo yatakimbilia damu. Mfugaji atakusimulia ng'ombe aliyekunywa maji kijitoni akarudi anavuja damu puani. Mkulima wa mpunga atakunja suruali akuonyeshe alipong'atwa. Hofu hiyo ina msingi. Yuko Limnatis nilotica wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, ambaye huingia mdomoni na puani mwa mifugo na watu wanapokunywa maji yasiyochujwa. Yuko pia Placobdelloides jaegerskioeldi wa huku Afrika, ambaye makao yake ni utumbo wa nyuma wa kiboko. Lakini kati ya spishi karibu 700 za ruba zinazojulikana, ziko nyingi zisizogusa damu hata tone. Kuwahukumu wote kwa makosa ya wachache ni dhuluma, na ni dhuluma inayotunyima habari za mmoja wa viumbe wenye manufaa makubwa katika maji baridi ya Amerika ya Kaskazini.

Kiumbe huyo ni Nephelopsis obscura, aliyeelezwa kisayansi na Mmarekani Addison Verrill mwaka 1872. Anaishi kaskazini mwa Marekani na nchini Kanada, na biashara yake ya chambo ina kitovu katika jimbo la Minnesota. Rangi yake ni kahawia inayoelekea weusi, mara nyingine yenye madoa, na mkubwa akijinyoosha hupita sentimita 10. Ruba wa tiba, yule wa hospitalini, ana taya tatu zenye vijino vya kupasua ngozi. Huyu hana taya wala jino. Ana koo pana lenye misuli, na chakula chake hukimeza: mabuu ya wadudu, minyoo, vijidudu vya majini, na nyama ya samaki au chura aliyekufa. Ukimweka kiganjani atajishikiza kwa kinyonyeo cha mkia, utahisi ubaridi na mvuto kidogo, basi. Watoto wa Minnesota humshika bila woga. Sheria ya jimbo hilo hata inamruhusu mkazi aliye chini ya miaka 18 kukamata ruba na kuwauza rejareja bila leseni ya biashara ya chambo, ilhali mtu mzima lazima akate leseni.

Anayemtafuta ruba huyu ni mvuvi wa walleye, samaki mla nyama aliyetangazwa kuwa samaki rasmi wa Minnesota mwaka 1965. Nyuma ya mboni ya walleye kuna utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo huona vizuri jua linapozama na katika maji yaliyotibuka. Macho ya namna hiyo hunasa kitu kinachotembea, na hapo ndipo ruba anapompita nyungunyungu. Nyungunyungu akitiwa ndoanani hujikunjakunja hadi achoke. Ruba huogelea.

Uogeleaji wake unastahili kuelezwa kwa makini. Misuli inayounganisha mgongo na tumbo hukaza, mwili ukabapa na kuwa mwembamba. Kisha wimbi huanzia kichwani, likapita mwili mzima hadi mkiani, na kabla halijaisha jingine limeshaanza. Amri ya wimbi hilo haitoki kichwani peke yake. Kando ya tumbo la ruba umepita mnyororo wa mafundo ya neva: 21 katika pingili za katikati, mbali na mkusanyiko mmoja mkubwa kichwani na mwingine mkiani. Kila fundo huchangia mpigo wake na kumpa jirani zamu. Watafiti waliochunguza ruba wa tiba waliona kwamba hata mnyororo huo ukitolewa mwilini na kuwekwa katika chombo maabara, bado unaweza kutoa mpigo uleule wa kuogelea, ingawa hakuna tena mwili wa kuogelea. Ndiyo maana mvuvi hupitisha ndoana kwenye kinyonyeo cha mkia na kuacha sehemu nyingine yote huru. Ruba anaendelea kupiga mawimbi akitafuta giza la chini, na walleye anamfuata.

Sasa, wapi anapatikana? Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na mgeni angedhani ruba ni wa kuokota tu katika lolote kati ya hayo. Sivyo. Ziwa lenye samaki wengi lina ruba wachache, kwa kuwa samaki huwala. Mtegaji mzoefu huyapita maziwa mazuri na kwenda kwenye dimbwi la kina kifupi, lenye matope na majani mengi, ambalo hakuna mtu angepoteza siku yake kuvua humo.

Siri ya dimbwi hilo ni majira ya baridi. Maji huganda juu, kisha theluji hulala juu ya barafu na kuzuia mwanga. Mimea iliyo chini hukosa mwanga na kuacha kutengeneza oksijeni, huku majani yaliyooza yakiendelea kuitumia ile iliyobaki. Katika ziwa lenye kina kirefu akiba inatosha hadi barafu iyeyuke. Katika dimbwi la kina kifupi haitoshi, na samaki hufa. Ruba hupumua kwa ngozi na huvumilia maji yenye oksijeni kidogo, kwa hiyo huvuka baridi hiyo akiwa amejificha matopeni. Barafu inapoondoka, anaamka katika dimbwi lililojaa chakula, na maadui zake wakubwa hawapo. Baridi inayowaua samaki ndiyo inayomlea ruba.

Mtego wenyewe ni rahisi, na urahisi huo umetokana na kuzijua tabia zake. Wengi hutumia bati la alumini lililokunjwa kama bahasha, ndani yake kikatiwa kichwa cha samaki au kipande cha figo ya ng'ombe. Wengine hutoboa makopo, wengine hutumia gunia. Bati hukunjwa likaachwa na mianya myembamba ambayo ruba, asiye na mfupa hata mmoja, hupenya bila taabu. Mtego hufungwa kamba na boya, ukazamishwa karibu na majani ya ukingoni jua linapoelekea kuzama. Usiku ruba hutoka mafichoni, hufuata harufu ya mzoga, huingia na kula.

Saa ya kuopoa ndiyo inayomtenganisha fundi na mwanagenzi. Hakuna mlango unaomfungia ruba ndani. Kinachomweka mle ni chakula na giza, na vyote viwili vina mwisho. Akishiba hana sababu ya kubaki, na mwanga wa asubuhi ukigusa maji hukimbilia matope. Kwa hiyo mtegaji huwa majini alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, akiinua mtego mmoja baada ya mwingine. Atakayelala hadi saa tatu asubuhi atakuta bati na mifupa ya kichwa cha samaki. Na mtego uliosahauliwa katika maji yanayopata joto unaweza kuwaua ruba waliobaki ndani, hasara ambayo mtegaji mwenye heshima na kazi yake haikubali.

Kinachofuata ni kuchagua. Dimbwi moja huwa na ruba wa aina kadhaa, na walleye si mjinga. Yupo ruba mnene wa matope, wa jenasi Haemopis, aliyelegea mkononi na asiyependwa na samaki. Yupo Macrobdella decora mwenye madoa ya rangi ya chungwa, ambaye kweli hunyonya damu. Ruba wa chambo ukimshika hukaza mwili. Ulegevu au ukakamavu huo ndio kipimo cha kwanza cha wenye kazi yao, kabla hata ya kutazama rangi. Baada ya hapo hupangwa kwa ukubwa, wakauzwa kwa dazeni au kwa uzani.

Joto la maji linaamua yote yaliyobaki. Chini ya takribani nyuzi 10 za Selsiasi ruba hujikunja akawa donge na haogelei, kwa hiyo mitego ya mapema mno hurudi mitupu, na chambo kinachotupwa katika maji baridi sana hakina mvuto. Ubaridi huohuo ni neema dukani. Ruba aliyewekwa kwenye jokofu, katika maji safi yasiyo na klorini yanayobadilishwa mara kwa mara, hukaa wiki nyingi bila kulishwa. Msimu mzuri wa kutega ni Mei na Juni. Baadaye wakubwa huanza kuzaa. Ruba ni huntha, kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume, lakini hupandana wawili wawili. Hutaga mayai katika vifuko bapa vya kahawia wanavyobandika kwenye mawe na mimea, kisha wazazi hufa. Anayewarundika ruba wa msimu huo katika ndoo atawapoteza wengi kwa siku chache tu, na dimbwi litakosa kizazi cha mwaka unaofuata. Kwa maoni yangu, mtegaji anayeacha kutega mapema analinda mfuko wake kuliko yule anayekomba hadi mwisho.

Hapa ndipo ninapokerwa. Minnesota imepoteza karibu nusu ya ardhi oevu iliyokuwa nayo kabla ya walowezi kuja na mifereji yao, na katika maeneo ya mbuga upotevu umekuwa mkubwa zaidi. Yaliyokaushwa kwanza ni madimbwi kama haya, kwa sababu hayana samaki wa kujivunia. Mengine yamepandikizwa samaki wadogo wa chambo, ambao hula wadudu na viumbe wengine ambao bata wa porini huwategemea. Mtu huona maji yasiyo na samaki akayaita maji matupu.

Sisi huku tuna macho hayohayo. Kandokando ya Ziwa Viktoria, wavuvi wa sangara wanaotumia ndoana huhitaji chambo hai, nacho ni furu na vitoto vya kambare. Kambare huzaliana katika vinamasi na madimbwi ya mvua. Tunavifukia kwa vifusi, tunavitupia taka, tunajenga juu yake, halafu tunashangaa chambo kimekuwa ghali na mvua ikinyesha maji yanaingia sebuleni. Wafugaji wa Uganda na Kenya wameanza kuzalisha vifaranga vya kambare kwa ajili ya chambo, na hilo ni jambo la kupongezwa, lakini bwawa la kufugia halichukui nafasi ya kinamasi.

Minnesota ina funzo jingine. Misitu yake haikuwa na nyungunyungu wa asili tangu barafu kuu ilipoyeyuka, takribani miaka 10,000 iliyopita. Wengi wa walioko leo asili yao ni Ulaya, na wavuvi wamewaeneza kwa kumwaga chambo kilichobaki ufukweni. Nyungunyungu hao hula tabaka la majani yaliyooza ambamo miche ya msitu huota, na msitu hubaki na ardhi tupu. Ndiyo maana sheria ya huko inaamuru chambo kisichotakiwa kitiwe katika taka, na jimbo jirani la Ontario, Kanada, limekataza kabisa kuingiza ruba kutoka nje kwa ajili ya kuvulia.

Manufaa mengine ya ukoo huu nayataja kwa haraka: ruba wa tiba husaidia kuondoa damu iliyotuama katika vidole na masikio yaliyounganishwa upya, kutoka kwao kulipatikana hirudini, dawa ya kuzuia damu kuganda, neva zao zimefundisha vizazi vya wanasayansi, na mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kutambua wanyama adimu wa misitu ya Vietnam kwa kupima damu iliyokutwa tumboni mwa ruba.

Msomaji unayevua, iwe Mwanza, Kisumu au Minneapolis: chambo kilichobaki usikimwage majini wala ufukweni, kitie kwenye taka. Na mtaa wenu ukianza kujadili kulifukia dimbwi "lisilo na kitu", simama useme kwamba lina wenyewe.