Chumba Kipya Juu ya Bomba la Majirani

Eastlands, Nairobi, ua wa nyuma umekuwa mtaji. Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970, una safu za nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na ni nadra kupita huko usione duka au chumba cha kupangisha kilichoongezwa. Dandora yenyewe ilipangwa hivyo: mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1975 ulitoa takriban ploti 6,000, nyingi zikiwa na choo na bafu tu vilivyounganishwa na bomba la majitaka, vyumba akaachiwa mwenye ploti ajijengee. Kwa hiyo simlaumu anayeongeza chumba. Kodi ya chumba kimoja inasomesha mtoto. Ninachotaka ni ramani ya chumba hicho ianze na bomba lililo chini ya ua.

Katika safu za namna hii, bomba la majitaka mara nyingi hupita nyuma ya nyumba kadhaa, likipokea choo cha huyu na jiko la yule, hadi likutane na bomba kubwa la barabarani. Kibali cha ujenzi huombwa kwa ploti moja, ilhali bomba linahudumia safu nzima. Hapo ndipo dhuluma inapoingia. Bomba likipondeka chini ya chumba kipya, majitaka hurudi nyuma na kufurika kwa walio upande wa juu wa mteremko. Familia ambayo haikujenga hata ukuta inaamka na kinyesi bafuni, na chemba ambayo ingefunguliwa ili kuzibua sasa iko chini ya vigae vya mpangaji.

Kabla fundi hajachora mstari wowote, chemba zote za safu zifunguliwe, majirani wakiwepo. Mwaga ndoo ya maji yenye rangi chooni mwa nyumba ya mwisho upande wa juu, utazame yanapotokea na yanapoelekea. Kisha pima kina kutoka usawa wa ardhi hadi sakafu ya kila chemba. Tuseme ua ni tambarare, chemba ya kwanza ina kina cha sentimita 90, ya pili sentimita 110, na kati yake kuna mita 12. Bomba linashuka sentimita 20 katika mita 12, yaani 1 kwa 60. Kwa bomba la inchi 4 linalobeba maji ya vyoo, huo ni mteremko mzuri.

Sasa fundi anashauri bomba lizungushwe kando ya chumba kipya. Njia inakuwa mita 18, lakini mshuko unabaki sentimita 20 zilezile, kwa sababu chemba zile mbili hazijasogea. Mteremko umekuwa 1 kwa 90. Maji yatapita, uchafu mzito utabaki nyuma, na kila kona iliyoongezwa ni mahali pengine pa kukwama. Ndiyo maana bomba lililohamishwa bila kupimwa huziba hata kama ni jipya na limeunganishwa vizuri.

Kupitisha msingi juu ya bomba kuna hatari nyingine. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Msingi wa kina kifupi hupanda na kushuka nao, na bomba lililoshikwa na zege hukatika kwenye viungo. Kama hakuna njia nyingine, msingi ushuke chini ya usawa wa bomba, ukuta ubebwe na linta juu yake, na paachwe nafasi pande zote ili ukuta ukicheza usiliguse. Chemba ihamishiwe nje ya chumba, mahali inapoweza kufunguliwa bila kumhamisha mtu kitanda.

Maji ya mvua yana njia yake. Ua ukishaezekwa, wengi huelekeza mfereji wa paa kwenye chemba kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Bomba lililokadiriwa kwa vyoo na majiko haliwezi kubeba mvua ya Aprili, na safari hii wanaofurikiwa ni walio chini.

Kibali cha kaunti ni lazima, na kampuni ya maji na majitaka iulizwe kama bomba hilo ni lake, maana bomba la kampuni halihamishwi kwa makubaliano ya majirani peke yao. Lakini karatasi ninayoiona ikikosekana mara nyingi ni ya majirani wenyewe: mchoro wa bomba na kina cha kila chemba, ruhusa ya kuingia uani kuzibua saa yoyote, na jinsi gharama zitakavyogawanywa, anayejenga akibeba zote zinazotokana na chumba chake. Wenye nyumba wote wa safu waitie sahihi kabla ya mchanga kushushwa, na nakala ikae pamoja na hati ya kila nyumba, ili atakayeinunua aipate.