Gunia, Ekari na Majina Yanayofanana

Mavuno ya msimu mkuu yakishaingia ghalani, karani wa chama cha wakulima wa mpunga pale Wang'uru, kwenye skimu ya Mwea kaunti ya Kirinyaga, huwa na karibu kila kitu kwenye lahajedwali lake: namba ya mwanachama, jina, sehemu ya skimu, ekari, tarehe ya kupandikiza, tarehe ya kuvuna, magunia, kilo, mkopo wa mbolea na salio. Anachokosa ni muda. Mkutano mkuu unakaribia, na mwenyekiti anataka kujua ni sehemu gani imeshuka na ni mikopo ipi iko hatarini. Zamani kazi hiyo ingemla wiki nzima. Leo msaidizi wa akili unde, awe ChatGPT, Claude au Gemini, hupokea faili na kurudisha jibu kabla chai haijapoa. Hapa tutaangalia jibu hilo linastahili lini kusomwa mbele ya wanachama.

Tuanze na jinsi msaidizi anavyohesabu. Programu hizi zilifunzwa kwa maandishi, na kazi yao ya msingi ni kukadiria neno gani lifuate. Ukimbandikia kilo za watu mia nne na kumwuliza jumla, anaweza kukuandikia namba inayofanana na jumla bila kujumlisha chochote. Itakuwa na tarakimu za kutosha, itakaribia ukweli, na itakuwa si yenyewe. Ndiyo maana usimwombe namba, mwombe hesabu. Mwambie akuandikie fomula uiweke mwenyewe kwenye jedwali, au aandike programu fupi ya Python na kuiendesha juu ya faili. Hapo anayejumlisha ni kompyuta, na kompyuta haikosei kujumlisha. ChatGPT iliwafungulia wateja wake wa kulipia uwezo huo Julai 2023, na wengine nao wanao. Lakini msaidizi hautumii kila mara, kwa hiyo uliza: umeipataje jumla hii? Nionyeshe. Kisha linganisha na jumla ya daftari la ghala. Zikipishana hata kwa kilo moja, usiendelee.

Fomula inayoonekana ina faida kubwa kuliko jibu tupu. Mwaka 2010 wanauchumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali ambayo wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliyanukuu sana. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alipewa faili lao la Excel, akabofya kisanduku cha wastani na kukuta fomula imeishia mistari mitano kabla ya mwisho. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Angepewa namba peke yake, kosa hilo asingeliona.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo hesabu sahihi haiwezi kuyatibu. Kuna mkulima aliyepandikiza tarehe 3 Agosti na kuvuna tarehe 10 Novemba. Karani ameandika 03/08 na 10/11, kama tuandikavyo Kenya. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani husoma mwezi kwanza: 8 Machi na 11 Oktoba. Siku 99 shambani zimegeuka 217. Aliyevuna tarehe 15 hasomeki hivyo kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tano, basi tarehe yake hubaki maandishi tu na hesabu inamruka. Nusu ya jedwali imegeuzwa, nusu imeachwa, na hakuna kengele iliyolia. Mtu yeyote wa Mwea anajua kwamba pishori, yaani Basmati 370, huchukua kama miezi minne tangu kitaluni hadi kuvunwa, na kwamba hakuna anayeiacha majini miezi saba. Msaidizi naye anaweza kukuandikia aya nzuri kabisa kuhusu wakulima wanaochelewesha mavuno.

Majina yana hatari zaidi, kwa sababu hapo tunagusa pesa za watu. Ukimwambia msaidizi asafishe jedwali, jambo la kwanza atakalofikiria ni kuondoa mistari iliyojirudia. Kirinyaga na Nyeri majina hujirudia kwa mila. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba. Ndugu watatu wakizaa, wana wao wa kwanza wanakuwa na jina moja, na wote wanaweza kurithi vipande vya shamba lile lile. Machoni pa mashine hao ni mtu mmoja aliyeandikwa mara tatu. Atawaunganisha, ajumlishe kilo zao, awabebeshe mkopo mmoja, kisha akuarifu kwa adabu kwamba jedwali sasa ni safi. Kinyume chake nacho hutokea: mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa kwa tahajia mbili akahesabiwa kuwa wawili. Dawa ya yote mawili ni moja, namba ya mwanachama.

Na gunia? Gunia halina kilo maalumu. Kuna lililojazwa likafungwa mdomo, na kuna lililoshindiliwa likashonewa kilemba. Hesabu ifanywe kwa kilo za mizani, na iandikwe wazi kama ni kilo za mpunga au za mchele, maana kilo mia za mpunga zikikobolewa hubaki mchele wa kilo sitini na kitu. Nafasi tupu pia isichanganywe na sifuri. Excel ikipiga wastani huruka nafasi tupu lakini huihesabu sifuri. Mkulima aliyemwuzia dalali mpunga wake wote kando ya mfereji si sawa na yule ambaye shamba lake liliharibiwa na kwelea. Wa kwanza alivuna, ila chama hakijui kiasi gani.

Haya yote msaidizi huyaheshimu akiambiwa. Agizo la karani linaweza kuwa hivi:

"Faili hili ni la mavuno ya msimu mkuu. Tarehe ni siku, mwezi, mwaka. Kilo ni za mpunga usiokobolewa. Mwanachama hutambuliwa kwa namba yake, si kwa jina. Nafasi tupu maana yake hatujui. Sifuri maana yake hakupata kitu. Usifute wala kuunganisha mstari wowote. Wenye shaka uorodheshe kando. Kwa kila sehemu, gawanya jumla ya kilo kwa jumla ya ekari, uniambie ni wanachama wangapi wamehesabiwa na wangapi wameachwa. Nionyeshe fomula."

Ni maneno ya dakika tano, na hakuna anayeweza kuyaandika isipokuwa mtu anayelijua jedwali hilo.

Baada ya namba huja sababu, na hapo msaidizi husema mengi kuliko anayoyajua. Sehemu za skimu ni tano: Tebere, Mwea, Thiba, Wamumu na Karaba. Tebere hunywa mto Nyamindi, zilizobaki hutegemea zaidi mto Thiba, na shamba lililo mwisho wa mfereji hupata maji baada ya wengine. Mwaka 2022 bwawa la Thiba lilizinduliwa, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 15.6. Anayelinganisha mavuno ya 2021 na ya 2023 bila kumweleza msaidizi habari hiyo ataletewa sababu nyingine yoyote iliyomo jedwalini, pengine mbolea, na chama kitanunua mbolea.

Kabla ya kupandisha faili, toa safu za majina, namba za vitambulisho na simu. Namba ya mwanachama inatosha. Faili la awali libaki bila kuguswa, kazi ifanyike kwenye nakala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakihusu chama cha wakulima kama inavyoihusu benki, na kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Mwea kifungu hicho kina uzito wake. Kwa miaka mingi wakulima walipeleka mpunga kwa Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji na kupokea malipo yaliyokwisha kukatwa gharama, na makato hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyowafanya mwaka 1998 wakatae kuipelekea tena. Karani mwenzangu, mwanachama akija dirishani kuuliza kwa nini amekatwa, mfungulie jedwali umwonyeshe mstari wake na fomula yake. Kama huwezi kumweleza kwa kinywa chako, usimkate.