Dawa ya Tansio: Kwa Nini Mizizi Inachelewa

Barua imetoka Kimanga, pale Uvira, kwa kijana anayemwuguza baba yake. Mzee ana tansio ya miaka mingi, vidonge vimemchosha yeye na mfuko wake, na ndugu wamempeleka kwa naturopati. Huyo alimpa unga wa mizizi, akamwambia achote kijiko asubuhi na jioni, na asitazamie mabadiliko kabla ya wiki mbili. "Dada," kijana anauliza, "dawa gani ya kungojewa wiki mbili? Ni dawa kweli, ao ametupa muda ili tumsahau na pesa zetu?"

Katika yote aliyoambiwa mzee, hizo wiki mbili ndizo zilizonisimamisha. Tapeli huahidi kesho. Anayesema "subiri" amewaona wagonjwa wakirudi, au amefundishwa na aliyewaona.

Sitaeleza tansio ni nini. Nyumba yenye mgonjwa wa tansio inaijua 140 kwa 90 kama inavyojua bei ya unga wa muhogo. Wala sitaingia katika ubishi wa nani aitwe naturopati, nani tradipratisye na nani muganga wa kienyeji. Nitasema upesi yanayotokea kwa naturopati, kisha niende kwenye mizizi, maana ndiko moyo wangu uliko.

Tazamia maswali mengi. Hospitalini daktari ana foleni nje. Naturopati ana kiti na muda. Atauliza tansio ilianza lini, nani katika ukoo alipooza upande, unalala saa ngapi, unagombana na nani, unakula nini. Ataangalia ulimi, kucha na macho, na siku hizi wengi wana ile mashine ndogo ya kufunga mkononi. Kisha yatafuata makatazo: chumvi, mafuta, pombe, na kwa mtu wa Uvira lazima makayabu, wale samaki wa chumvi, yatajwe. Usiyadharau makatazo hayo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na sahani moja ya makayabu yasiyolowekwa vizuri inaweza kuzimaliza zote. Mzee akitii hilo peke yake, tansio itashuka kiasi, na sifa zote zitakwenda kwa unga. Lijulikane mapema.

Sasa mizizi. Barua haikutaja mti, na miti ya tansio ni mingi. Nachagua mmoja kwa sababu ni wa kwetu, umechunguzwa kuliko karibu mingine yote, na namna unavyofanya kazi inanifurahisha kila nikiifikiria. Ni *Rauvolfia vomitoria*, mti mdogo wa pembezoni mwa msitu na mashamba yaliyoachwa. Ukivunja tawi linatoa utomvu mweupe. Majani yake hayakai mawili mawili, bali matatu au manne huzunguka kifundo kimoja, na matunda yake madogo yakiiva huwa na rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Jina la kwanza linamkumbuka Leonhard Rauwolf, tabibu Mjerumani wa karne ya 16. La pili linaonya kwamba mti huu unatapisha. Kule Nigeria waganga wa Kiyoruba waliutumia kuwatuliza wenye wazimu, na daktari Raymond Prince akaandika habari zao mwaka 1960.

Aliyetangulia kuingia maabara ni ndugu yake wa India, *Rauvolfia serpentina*. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alieleza katika jarida la Kiingereza la magonjwa ya moyo jinsi mizizi hiyo ilivyowashusha tansio wagonjwa wake. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, waliikamua dawa yenyewe wakaiita reserpini. India ilipobana mizizi yake isitoke, viwanda viligeukia mti wa Afrika, na Zaire ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa magome ya mizizi hiyo. Kidonge cha tansio alichomeza mzee wa Chicago miaka ya 1970 huenda kilianzia msituni kwetu. Kivu haishangazwi na habari za namna hii: Bukavu, kupitia Pharmakina, imekuwa ikitoa kwinini katika magome ya sinkona kwa miongo mingi.

Reserpini inafanyaje? Neva zinazokaza mishipa ya damu huiamuru mishipa hiyo kwa kemikali iitwayo noradrenalini. Neva haiimwagi ovyo. Huiweka kwanza katika vyombo vidogo mno vilivyo kwenye ncha yake, na amri ikifika, vyombo hivyo hufunguka ukingoni na kumwaga mzigo. Vyombo hivi viitweje? "Vifuko" ni jina la sokoni, linafaa hata karanga. "Vilengelenge" linanukia usaha. Mimi navibatiza vidau. Wazee waliita kidau kile kichupa cha wino, na kidau ni dau dogo vilevile: kimoja kinatunza wino wa ujumbe, kingine kinasafirisha mzigo. Mwenye jina zuri zaidi alilete; hadi hapo, ni vidau.

Na kwa kuwa ni vidau, twende bandarini Kalundu. Ncha ya neva ni bandari. Vidau vimefungwa gatini, vitupu, na mifuko ya ndagala, ndiyo noradrenalini yetu, imelundikwa mchangani. Kati ya mchanga na chombo wapo wapakizi. Kila kidau kina wapakizi wake, wamesimama ubavuni mwake na hawashuki kamwe. Wao peke yao ndio wanaoweza kuupitisha mfuko juu ya ukingo. Kidau kikijaa, kinangoja king'ora. King'ora kikilia, kinakwenda Baraka kushusha, na Baraka inachangamka: mishipa inakaza, moyo unaongeza mwendo, tansio inapanda. Mifuko isiyouzwa inarudishwa Kalundu, inashushwa mchangani, na wapakizi wanaianza tena kazi yao.

Reserpini haizamishi kidau. Haiibi mfuko, wala haizuii king'ora kulia. Inawashika wapakizi mikono, basi. Mifuko inabaki mchangani, na mchangani hakuna kinachodumu, maana kunguru wapo. Kunguru wa neva ni kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi. Noradrenalini yoyote iliyo nje ya kidau ni chakula chake. Siku ya kwanza Baraka haina habari, kwa sababu vidau vilivyojazwa jana vinaendelea kufika. Siku zinavyopita, vilivyojaa vinapungua. King'ora kinalia kama kawaida, vidau vinang'oa nanga kama kawaida, vinafika vikiwa vimebeba upepo. Soko linapoa, mishipa inalegea, tansio inashuka. Kwa kidonge cha reserpini, hali hiyo hukamilika baada ya wiki mbili au tatu. Ndiyo subira ya naturopati: dawa iliingia siku ya kwanza, lakini akiba ya bandari ilitaka muda kuisha.

Utamu zaidi uko mwishoni, mtu anapoacha dawa. Ungedhani wapakizi wataachiwa mikono siku hiyo hiyo. Hapana. Reserpini hushika kwa nguvu kiasi kwamba aliyeshikwa ni kama hayupo tena, na bandari inabaki kungoja vidau vipya vinavyokuja na wapakizi wapya. Navyo havichongwi Kalundu. Vinachongwa mlimani, huko Mitumba, yaani katika mwili wa seli ya neva uliojificha karibu na uti wa mgongo, kisha vinaburutwa kuteremka uzi mrefu wa neva kwa mwendo wa sentimita 20 hadi 40 kwa siku. Seli ivichonge, ivishushe, vifike, vipakiwe. Kwa hiyo reserpini yenyewe inaweza kuwa imekwisha katika damu huku kazi yake ikiendelea siku nyingi, pengine wiki. Dawa imeondoka, mgomo umebaki.

Na wapakizi wa aina hiyo hiyo wako pia kwenye ubongo, wakipakia dopamini na serotonini. Mwaka 1957 Msweden Arvid Carlsson aliwapa sungura reserpini. Wakalala chini masikio yameanguka, macho yamesinzia, wasiguse chakula wala kukimbia mkono wa mtu. Halafu akawadunga L-dopa, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Muda mfupi tu, masikio yakasimama na sungura wakaanza kutembea. Kutokana na sungura hao tulijifunza kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe kwenye ubongo, na L-dopa ikaja kuwa tiba ya ugonjwa wa Parkinson. Carlsson alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Waganga wa Kiyoruba nao sasa wanaeleweka: walichokitumia kumtuliza mwenye wazimu ndicho kilichowaangusha masikio sungura wa Carlsson.

Hapo ndipo kijiko cha mzee kinaponipa mashaka. Kidonge cha reserpini kwa tansio kina miligramu 0.1 hadi 0.25 kwa siku. Gome la mzizi wa mti wetu laweza kubeba reserpini hata asilimia 0.2. Piga hesabu: gramu moja ya unga, miligramu 2, sawa na vidonge vinane vile vikubwa. Kijiko cha chai kinachukua zaidi ya gramu moja, na mzee ameambiwa vijiko viwili. Mzizi mwingine, wa bonde jingine au uliochimbwa msimu mwingine, utakuwa na sehemu ndogo tu ya hiyo. Kijiko hakibadiliki, dawa iliyomo inabadilika. Asemaye "ni mizizi tu, haina nguvu ya kudhuru" hajaiona karatasi ya hesabu hii, na asemaye "haina nguvu ya kuponya" hajaiona pia.

Kwa hiyo, mwende kwa naturopati na mambo matatu. Kwanza, orodha ya vidonge vyote vya hospitali ambavyo mzee anameza. Pili, daftari: tansio ipimwe saa ile ile, mzee akiwa ameketi na kutulia, tangu kabla ya kijiko cha kwanza. Bila namba za mwanzo, wiki mbili zikiisha mtabaki na maoni. Tatu, ombeni jina la mti na, akikubali, tawi lenye majani na tunda. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kule karibu na Katana, kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na tawi linaweza kulinganishwa huko, unga hauwezi.

Mengine ni ya kawaida: mzee asiache vidonge vya hospitali, wala asivichanganye na unga, bila daktari kujua; pua ikiziba, mapigo ya moyo yakipungua, kidonda cha tumbo kikiamka, au mzee akianza kununa na kukosa hamu ya watu, unga usimame na aende hospitali. Mama mjamzito asiuguse.

Swali la kijana lilikuwa la mwanzo wa dawa. Nampa la mwisho wake, akamwulize naturopati wakikutana tena: "Mzee akiacha leo, itamtoka lini?" Anayeujua mti wake atakuwa na jibu, na jibu hilo linaweza kuandikwa kwenye daftari likapimwa. Akikosa jibu, mnunue mashine ya tansio kabla ya kununua unga mwingine.