Lita, Kilomita na Kurasa

Paukwa? Pakawa!

Sogea karibu na moto, mpwa wangu. Hapa Kaptagat tuko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya huku haina adabu. Huingia bila kupiga hodi. Haya, jifunike shuka, unisikilize.

Asubuhi uliniuliza swali. Ulisema, "Mjomba, mwaka unakwisha. Nimesoma vitabu vingapi?"

Nilicheka, lakini sikukucheka wewe. Nilicheka kwa furaha. Watoto wengi huniuliza wamepata alama ngapi. Wewe umeuliza umesoma vingapi. Umefanya vizuri kuuliza.

Basi ukaanza kuhesabu kwa vidole. Kile cha Abunuwasi. Kile cha sungura na fisi. Kile chenye jalada la kijani. Kile cha... kile cha... Ulipofika kidole cha saba, ukakwama. Nami nilikuona mwaka mzima ukisoma, chini ya mti, juu ya gunia la viazi, hata jikoni ugali ukiungua. Vilikuwa zaidi ya saba. Vingine vimekwenda wapi?

Vimetoroka, mwanangu. Kichwa ni zizi zuri, lakini lango lake halina komeo. Vitabu huingia jioni, alfajiri vimeshatoka. Na mchungaji asiyehesabu ng'ombe wake hajui ni yupi aliyepotea.

"Sasa nitavizuiaje, mjomba?"

Kwa daftari. Ngoja nikusimulie habari za madaftari matatu. La kwanza ni la lita. La pili ni la kilomita. La tatu ni la kurasa.

La kwanza unalijua. Lile pale ukutani, limening'inia kwenye msumari. Ni la Kogo wako, nyanya yako. Kila akitoka kukama, kabla hata hajaosha ndoo, huandika: asubuhi, lita 7. Jioni huandika tena. Humo hamna picha wala hadithi. Ni lita, lita, lita.

"Kwa nini aandike, na maziwa yameshauzwa?"

Umeuliza vizuri! Maziwa yamekwenda, lakini habari zake zimebaki. Unakumbuka mwezi wa Julai? Ng'ombe mweusi alikuwa anakula. Alikuwa anatembea. Sote tulimtazama, na sote tukasema hana neno. Lakini Kogo alitazama daftari. Lita 7. Lita 6. Lita 6. Lita 4. Hakungoja siku ya tano. Alijitanda leso yake akaenda kumwita daktari wa mifugo. Ng'ombe hana kinywa cha kusema, "Naumwa." Daftari lilimsemea.

Na Kogo hufanyaje? Huandika kidogo. Huandika kweli. Huandika siku ileile. Akingoja Jumapili, Jumatatu itakuwa imeshasahaulika. Ukariri wimbo huo: kidogo, kweli, siku ileile.

Sasa la pili. Hili haliko nyumbani kwetu, lakini haliko mbali.

Umewasikia wale wanaopita alfajiri? Ukungu bado umelala msituni, jogoo bado anakohoa, nao wanapita barabarani. Tap, tap, tap, tap. Kwa miaka mingi, mmoja wao amekuwa Eliud Kipchoge. Alizaliwa Kapsisiywa, kule Nandi, lakini kambi yake ya mazoezi iko hapa kwetu Kaptagat. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hayakuwa mashindano ya kawaida, kwa hiyo muda huo haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Lakini kabla ya siku hiyo, hakuna mtu aliyewahi kumaliza umbali huo kabla ya saa mbili kwisha.

Watu wanaijua miguu yake. Je, wanalijua daftari lake?

Kijana Kipchoge alikuwa na jirani aitwaye Patrick Sang. Mzee Sang mwenyewe alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1992, katika Olimpiki ya Barcelona, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Kijana alimwendea akamwomba mpango wa mazoezi. Akaufuata, akarudi kuomba mwingine. Akaufuata, akarudi tena. Sang akawa kocha wake kwa miaka mingi. Na Kipchoge alijifunza kuandika mazoezi yake daftarini. Amekimbia kilomita ngapi. Ametumia muda gani. Amevaa viatu gani, na miguu ilivionaje. Daftari moja likijaa, hufungua jingine. Mwaka baada ya mwaka, yamekuwa rundo.

"Lakini mjomba, si ana saa mkononi? Saa inahesabu yenyewe!"

Aa, hapo umenibana, na ninapenda kubanwa. Nikuulize nami: ng'ombe akirudi kutoka malishoni, kwa nini anacheua? Majani si ameshayala? Anacheua ili ayapate vizuri. Mchana humeza haraka haraka, jioni huyarudisha polepole. Kuandika kwa mkono ni kucheua siku. Unaipitia mara ya pili, bila haraka, na ile shibe inabaki mwilini.

Sasa la tatu. Nimelinunua leo pale dukani kituoni. Lione. Kurasa 48, jalada la bluu, na nyuma yake jedwali la kuzidisha. Tega sikio, linataka kusema.

"Mimi ni daftari," linasema. "Usiniogope. Mimi si mtihani. Sina kalamu nyekundu. Nataka vitu vitano tu, kama vidole vya mkono mmoja. Nipe tarehe. Nipe jina la kitabu. Nipe jina la mwandishi. Nipe idadi ya kurasa ulizosoma. Na kidole cha mwisho, kile kidogo, nipe jambo moja lililokukaa moyoni. Moja tu."

Jambo kama lipi? Nitakupa langu. Nikiwa kijana nilisoma Siku Njema, kitabu cha Ken Walibora kilichotoka mwaka 1996. Humo mna kijana aitwaye Kongowea, anayeianza safari Tanga, kule pwani ya Tanzania, akimtafuta baba yake. Akaja, akaja, mpaka Kitale! Kitale hii ya jirani zetu! Niliruka kitandani. Sikujua kwamba mtu wa kitabuni anaweza kufika karibu na kwetu hivyo. Hilo ndilo jambo lililonikaa moyoni. Lakini nilikisoma mwaka gani? Ilikuwa likizo ya Aprili au ya Agosti? Baada yake nilisoma nini? Sijui. Nilikuwa na zizi, sikuwa na komeo.

"Na nikishindwa kumaliza kitabu, nikiandike?"

Kiandike! Andika, "Nimefika ukurasa wa 20, nimekiacha." Usione haya. Kipchoge ni bingwa wa Olimpiki wa Rio mwaka 2016, na bingwa tena wa michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Lakini Paris, mwaka 2024, mwili ulikataa. Alisimama njiani, hakumaliza. Dunia nzima ilimwona, naye hakuacha kukimbia kwa sababu ya siku hiyo. Daftari lenye siku nzuri peke yake lingemdanganya Kogo, na ng'ombe angekufa. Labda kitabu kile kilikuwa kigumu kwa umri wako. Labda kilikuwa kibaya. Ukikiandika, mwakani utajua pa kukianzia, au utajua usikirudie.

"Na nikikisoma kimoja mara mbili?"

Kiandike mara mbili. Barabara ya kwenda mtoni uliipita jana na leo. Je, leo hukutembea?

"Na rafiki yangu akinishinda? Yeye anasoma vitabu vingi sana."

Sikia daftari linavyocheka! "Kogo wako," linasema, "huandika maziwa ya nani? Ya ng'ombe wa jirani?" La, huandika ya wake. Anataka kujua kama lita za leo zimezidi za jana. Ng'ombe wa jirani ana zizi lake na majani yake. Na ukianza kusoma vitabu vyembamba ili tu mistari iwe mingi, utakuwa umetia maji kwenye maziwa. Ndoo itajaa, lakini mnywaji atajua.

Haya, sasa geuza daftari. Lile jedwali la mgongoni lina kazi. Tuseme unasoma kurasa 5 kila siku. Kurasa 5 ni chache, huzimaliza kabla chai haijapoa. Mwaka una siku ngapi? 365. Mara 5?

Chukua muda wako. Tumia kidole, tumia makaa, tumia chochote.

Ndiyo! Kurasa 1,825! Na kitabu cha watoto kikiwa na kurasa 60, hivyo ni vitabu 30. Thelathini, mpwa wangu, na bado kurasa 25 za akiba. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Nami naongeza: anayeandika ndiye anayejua kimejaa lini.

Kuna jambo moja zaidi. Unakumbuka tulipopanda matatu kwenda maktaba Eldoret? Ulifungua kitabu, ukaona karatasi imebandikwa ndani, imejaa mihuri ya tarehe. Ukaniuliza, "Hizi ni nini?" Nikakwambia ni siku ambazo watu walitakiwa kukirudisha. Mihuri mingine ilikuwa ya zamani kabla hujazaliwa. Umeona? Kitabu kile kilikuwa kimeweka daftari lake. Ni kama kilikuwa kinasema, "Mimi nawakumbuka wasomaji wangu wote. Je, wewe utanikumbuka?"

Basi kijibu. Kidogo. Kweli. Siku ileile.

Kalamu hii hapa. Anza mstari wa kwanza sasa hivi, kabla usingizi haujafika. Nini? Huna kitabu usiku huu? Vyote viko shuleni? Basi tungoje kesho.

Unakwenda wapi? Hee, polepole, utauangusha msumari! Hilo ni la Kogo, mikono yako ina majivu. Unalisoma? Soma, soma. Taa hii hapa.

Mbona unatabasamu?

Mbona umenyamaza muda mrefu hivyo?

Ala, umeanza kuandika. Hebu nione. Tarehe, sawa. Jina la kitabu: Daftari la Maziwa. Mwandishi: Kogo. Kurasa: 37, zote. Jambo lililonikaa moyoni: "Baada ya daktari kuja ilikuwa lita 4, lita 5, lita 5, lita 6. Halafu lita 7. Hapo kwenye 7 Kogo alipiga mstari chini yake mara mbili."

Mimi nimeishi na daftari lile miaka yote hii, na sikuwahi kuiona ile mistari miwili.

Kogo! Kogo, njoo! Acha vyombo, njoo usomewe. Huyu mtoto amekuandika kuwa mwandishi.