UZI: Mwanafunzi wa sekondari ana kiti kwenye bodi ya shule. Wa chuo kikuu je?

Kila msimu wa siasa ukikaribia kuna ahadi moja hurudi kama mvua ya Aprili: "Tutawapa vijana sauti vyuoni." Watu wanapiga makofi, video inasambaa, na hakuna anayeuliza swali dogo tu: sauti wapi? Kwenye kikao gani? Na hiyo sauti ni kura, ama ni ruhusa ya kukaa kwa kona ukinywa chai ya wakubwa?

Wageni karibuni. Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunachukua hoja, tunaifungua, tunaona ndani kuna nini. Leo naandika nikiwa nyumbani Moi's Bridge, msimu wa kuvuna mahindi, na mtandao huku ni wa kubahatisha. Nikichelewa kujibu, mjue niko shambani.

Twende.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ile inayosimamia shule zetu, inataja nani anakaa kwenye bodi ya usimamizi ya shule. Wazazi wamo, mwakilishi wa walimu yumo, wafadhili wa shule wamo. Na mwishoni kabisa kuna mwakilishi wa baraza la wanafunzi, anayeingia kwa wadhifa wake. Yaani mtoto wa miaka 16 hapa kijijini ana kiti kwenye meza moja na wazazi na walimu.

Sasa fungua Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Ilipotungwa, iliweka baraza la chuo cha umma la watu tisa: mwenyekiti, Katibu wa Wizara inayohusika na elimu ya chuo kikuu, Katibu wa Wizara ya Fedha, watu watano wanaoteuliwa na Waziri, na naibu chansela. Hesabu tena. Tisa. Mwanafunzi hayumo. Sheria imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini kiti cha mwanafunzi hakikurudi.

Nimesema "hakikurudi" kwa sababu kilikuwepo. Kabla ya 2012 kila chuo kikuu cha umma kilikuwa na sheria yake, Nairobi yake, Moi yake, Kenyatta yake, na mabaraza yale ya zamani yalikuwa na wawakilishi wa chama cha wanafunzi. Sheria moja ikaja ikafuta zile zote, mabaraza yakapunguzwa ukubwa, na katika kupunguza, waliotoka ni sisi. Kwa hivyo mtu akikwambia kura ya wanafunzi ni wazo geni la watoto wa mitandao, mwambie kiti kilikuwepo hata wakati wa chama kimoja.

Tuwe waaminifu, hoja ya kupunguza ukubwa haikuwa ya kijinga. Mkishakuwa wengi sana kwa kikao, nusu wanakuja kwa posho na nusu wanasinzia. Muulize yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi. Shida ni kwamba hakuna aliyetoa sababu ya kueleweka kwa nini wa kutoka awe yule anayelipa karo na si mwingine.

Kwani baraza linafanya nini hasa? Hapa ndipo wengi hupotea. Baraza si seneti. Seneti inashughulika na masomo: mitihani, mitaala, nani anahitimu. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, linaidhinisha sera za chuo na linaajiri wafanyakazi. Kwa lugha ya hapa nyumbani, seneti ni jikoni na baraza ndilo linaloshika mfuko. Ukipewa nafasi jikoni utajua tu unga umeisha. Kwa nini umeisha, hiyo utaisikia kwa wengine.

Wacha niwape mfano wangu, na chuo sitakitaja. Muhula mmoja tulifungua akaunti zetu za karo tukakuta kuna malipo mapya ambayo hakuna mtu alikuwa ameyasikia. Si pesa nyingi kwa mtu wa mshahara. Lakini rafiki yangu tuliyekuwa tunaishi chumba kimoja alikuwa amelipiwa na mama yake kwa mahindi, yameuzwa yakiwa mabichi kwa sababu bei ya kungoja ghala hangeweza kuingoja. Alikuwa amelipa hadi shilingi ya mwisho. Hiyo nyongeza ikamfanya aonekane ana deni, na mwenye deni hapati kadi ya mtihani. Alikosa karatasi mbili. Tukamwendea kiongozi wetu wa wanafunzi tukiwa moto. Akatuambia, na ninaamini hakudanganya, kwamba yeye pia aliijua siku ile ile tuliyoijua sisi.

Sikatai kwamba pengine hiyo pesa ilihitajika. Vyuo vyetu vina madeni, kila mtu anajua. Mwishoni mwa 2024 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi waligoma na masomo yakasimama kwa wiki nyingi. Lakini kama mwanafunzi mmoja angekuwa kwenye kikao kile cha bajeti, angalau mtu mmoja angeuliza: hii inaanza lini, na wale waliokwisha lipa je?

Ndiyo maana mimi husema faida kubwa ya kiti si kura yenyewe, ni makaratasi. Mjumbe wa baraza anapewa bajeti kabla haijapitishwa. Anaisoma, anauliza, na swali lake linaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kiongozi wa wanafunzi asiye na kiti anapata habari pamoja na sisi wengine kwenye ubao wa matangazo, na kilichobaki mkononi mwake ni barabara na vitoa machozi.

Basi kuna watu watasema, sawa, mpeni kiti bila kura, kama yule wa shule ya sekondari. Hapa lazima tufafanue neno. Kuwa mjumbe "kwa wadhifa" maana yake ni kwamba umeingia kwa sababu ya cheo unachoshika, cheo kikiisha nawe unatoka. Neno lenyewe halisemi kama una kura au huna. Hilo huamuliwa na sheria au kanuni za kikao. Lakini kwa mazoea yetu Kenya, ukisikia mtu ni mjumbe kwa wadhifa, mara nyingi anasikilizwa wakati wa kusema na kurukwa wakati wa kuhesabu. Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi "kiti", mwulize mara moja: chenye kura au bila? Akibabaika, umepata jibu.

Sasa, kura moja kati ya tisa, ama kumi, inabadilisha nini? Kwa kawaida hakuna. Wale wanane wakiungana umekwisha. Lakini baraza likigawanyika nne kwa nne, ghafla kila mtu anajua jina lako. Na hata usiposhinda, unaweza kudai kura yako ya kupinga iandikwe. Hiyo karatasi ina uzito mambo yakifika mahakamani, na ya elimu ya juu siku hizi yanafika: mfumo mpya wa ufadhili ulioletwa 2023 uliishia mbele ya jaji, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba.

Majirani zetu wamefanyaje? Uganda, sheria yao ya vyuo ya 2001 inaweka wanafunzi wawili kwenye baraza la chuo kikuu cha umma, waliochaguliwa na chama cha wanafunzi wenyewe. Afrika Kusini, sheria ya 1997 inaweka wanafunzi ndani ya baraza, halafu inaweka kinga: angalau asilimia 60 ya wajumbe lazima wawe watu ambao si wafanyakazi wala wanafunzi wa chuo hicho. Ile kinga naipenda. Inajibu woga kwamba wanafunzi wataungana na wahadhiri wapandishe mishahara na washushe karo siku moja.

Lakini msinukuu Afrika Kusini nusu nusu. Wanafunzi wao walikuwa na viti hivyo mwaka 2015, na bado Oktoba mwaka huo waliingia barabarani dhidi ya nyongeza ya karo, mpaka serikali ikatangaza kwamba hakuna nyongeza kwa 2016. Viti havikuzuia moto. Pesa ikikosekana serikalini, mwanafunzi kwenye baraza anabaki kuwa shahidi wa upungufu. Anayewaambia kwamba kura hii itamaliza migomo anawauzia mahindi yaliyooza.

Na kuna hadithi ya Dar es Salaam ambayo Wakenya tungepaswa kuijua zaidi. Julai 1971, rais wa chama cha wanafunzi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Aliandika barua ya wazi kwa mkuu wa chuo akilalamikia jinsi maamuzi yanavyofanywa bila wanafunzi kushirikishwa. Askari walimchukua chuoni na akarudishwa Kenya. Wenzake wakasusia masomo. Hiki ni chuo kilichokuwa kinasifiwa dunia nzima kwa siasa za ukombozi, nchi ikihubiri usawa, na bado swali la nani anakaa mezani lilijibiwa na askari. Sitaki kulifanya somo kubwa. Nataka tu mjue kwamba hoja hii imewahi kumgharimu mtu, na alikuwa wa kwetu.

Sasa nije kwa upande wa wapinzani, maana wana hoja moja nzito ambayo sisi makomredi hatupendi kuigusa. Nani atakaa kwenye kile kiti?

Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 yalibadilisha jinsi tunavyochagua viongozi wetu. Zamani kila mwanafunzi alimpigia mwenyekiti kura moja kwa moja. Sasa kila idara au kitivo kinachagua wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio wanaochagua viongozi. Walioutetea mfumo huo walisema uchaguzi wa zamani ulikuwa na ghasia, ukabila na pesa za watu wa nje. Ni kweli, vilikuwepo. Lakini fikiria: chuo cha wanafunzi elfu kumi chenye idara thelathini kina wajumbe tisini. Kuhonga elfu kumi ni kazi. Kuhonga arobaini na sita, hiyo ni hoteli moja na wikendi moja.

Kwa hivyo tukiweka kura ya baraza juu ya uchaguzi huu wa wajumbe, tunaweza kuwa tunampa kura mtu wa mwanasiasa fulani, ama mtu wa utawala wenyewe, akiwa amevaa fulana yetu. Juu ya hayo, muhula wa kiongozi ni mwaka mmoja, na anaweza kurudia mara moja tu. Mjumbe mwingine wa baraza anakaa miaka, anajua deni lilianzia wapi. Wako anapoanza kuelewa mizania ya hesabu, muda umeisha.

Hoja ya siri za kikao siipi uzito sana. Watu wazima pia huvujisha siri, na kwa wingi. Mgongano wa maslahi nao una dawa ya kawaida: kikao kikijadili kesi ya nidhamu ya mwanafunzi au matokeo ya mtihani, mjumbe mwanafunzi anatoka nje, kama vile naibu chansela angetoka mshahara wake ukijadiliwa. Ujerumani mahakama yao ya katiba iliamua 1973 kwamba kwenye mambo ya utafiti na ufundishaji maprofesa lazima wabaki na uzito zaidi. Kwa hivyo kura inaweza kugawanywa kulingana na jambo.

Msimamo wangu, mkitaka kuujua: nataka kura kamili kwenye bajeti na karo, lakini kwa mwanafunzi aliyechaguliwa na wanafunzi wote moja kwa moja kwa kiti hicho tu, si mwenyekiti wa chama cha wanafunzi. Akae miaka miwili, achaguliwe akiwa mwaka wa pili. Na tuweze kumwondoa kwa sahihi zetu akilala. Ukinipa kura bila uchaguzi wa moja kwa moja, nitasita. Ukinipa uchaguzi wa moja kwa moja bila kura, nitachukua hicho kwanza.

Na msisahau Kifungu cha 55 cha Katiba kinaitaka serikali ihakikishe vijana wanawakilishwa na kushiriki. Hakitaji baraza la chuo, msije mkanukuu vibaya kule kwenye mijadala. Kinawapa tu pa kuanzia.

Kuna gunia la kushonwa linaningoja hapa. Kama uliwahi kuwa mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi ya shule yako, niandikie chini: ulipewa makaratasi kabla ya kikao, ama uliyakuta mezani?