Dula wa kulipwa, au shangazi yako mwenyewe?

Siku hizi swali hili linaulizwa kwenye CPN (kliniki ya wajawazito), hasa na akina mama vijana wa Nguba na Muhumba wenye ndugu Ubelgiji au Canada: je, nitafute dula? Dada mtu amejifungulia Brussels, pembeni yake amekaa mwanamke aliyelipwa kumshika mkono na kumsugua mgongo, na sasa anamhimiza mdogo wake wa Bukavu afanye vilevile. Mume anauliza bei. Mama mkwe anauliza kama yeye amekufa.

Nitajibu kama mkunga. Kuwa na mwanamke unayemwamini, anayekaa nawe bila kuondoka tangu uchungu ukolee hadi mtoto anyonye, ni jambo la kupigania. Kumlipa mtu kwa kazi hiyo ni suala jingine, na kwa familia nyingi za Ibanda, hapa Bukavu, fedha hiyo ina mahali pengine pa kwenda kwanza.

Tuelewane juu ya kazi yenyewe. Dula si mkunga. Hapimi njia imefunguka kiasi gani, hasikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, hachomi sindano, hakati kitovu. Mkunga wa zamu anaweza kuwa na wazazi watatu au wanne kwa wakati mmoja, pamoja na karatasi za kujaza. Dula ana mzazi mmoja tu. Ndiyo tofauti yote, na si tofauti ndogo.

Utafiti juu ya jambo hili ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane walijumlisha matokeo ya majaribio 26, ya wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao mfululizo walijifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi, waliopasuliwa walipungua kwa karibu robo, na uchungu ulikuwa mfupi kwa kama dakika 40. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba kila mzazi awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, muda wote wa uchungu na kujifungua.

Wanaouza huduma ya udula hupenda zaidi kutaja jaribio la Guatemala la mwaka 1980, ambako akina mama waliosaidiwa walijifungua ndani ya saa 9 hivi, wakati wengine walichukua saa 19. Mimi namba hiyo siitegemei. Walilinganishwa wanawake 20 kila upande, tena wale tu ambao uzazi wao haukuwa na matatizo.

Majaribio mawili ya Afrika yananivutia zaidi. La kwanza lilichapishwa mwaka 1991 na lilifanywa Johannesburg, katika hospitali ya Coronation. Wasindikizaji walikuwa wanawake wa kawaida wa mtaani, wasiosomea uuguzi wala ukunga. Wiki sita baada ya kujifungua, nusu ya mama waliosindikizwa walikuwa wakimpa mtoto ziwa peke yake. Kwa wasiosindikizwa haikufika theluthi. La pili ni la Botswana, la mwaka 1999, katika hospitali ya Princess Marina, Gaborone. Hapo msindikizaji alikuwa mwanamke wa ukoo wa mzazi mwenyewe. Kati ya wazazi wa mimba ya kwanza waliokaa na ndugu yao, asilimia 91 walijifungua kwa njia ya kawaida. Waliokuwa peke yao ni asilimia 71. Waliohitaji dawa ya kuongeza uchungu nao walipungua. Huko hakuna aliyelipwa kama dula. Ilitosha kumfungulia ndugu mlango.

Na mlango ndio shida yetu. Ibanda hatuna upungufu wa wasindikizaji, kwa kuwa kila mgonjwa anaingia hospitalini na garde-malade wake. Ndiye anayepika, anayefua vitenge, anayetumwa kununua glavu na serumu. Lakini mzazi akianza kulia kwa uchungu mkali, garde-malade anaambiwa asubiri nje, kwenye benchi, na termosi na beseni lake. Anakuwapo kwa kila kitu isipokuwa saa anapohitajika zaidi.

Wakunga wenzangu wana sababu zao na sizidharau. Chumba kina vitanda vitatu bila pazia. Huwezi kuingiza mume wa mmoja mbele ya uchi wa mwingine. Kuna shangazi wanaoingia na mitishamba ndani ya kitenge, wakainywesha kwa siri ili mtoto aje haraka, na uchungu ukawa mkali hadi kizazi kikawa hatarini kupasuka. Kuna mama wakwe wanaoamuru “sukuma, sukuma!” wakati njia imefunguka sentimita sita tu, mzazi akamaliza nguvu kabla ya wakati. Dawa ya haya ni kumwandaa msindikizaji mapema na kuning’iniza kitenge kati ya kitanda na kitanda. Kuwafukuza wote ni kumwadhibu mzazi kwa kosa la shangazi wa mtu mwingine.

Kwa nini kuwapo kwa mtu kunabadili mambo? Uchungu unasukumwa na homoni ya oksitosini. Mwanamke aliyejaa hofu, asiyejua kinachoendelea, anayefokewa, mwili wake unamwaga adrenalini, nayo inaweza kuvuruga kazi ya oksitosini. Misuli inakaza, maumivu yanazidi, uchungu unasuasua. Kisha linaandikwa neno “hauendelei”, na sindano au kisu vinasogea karibu.

Msindikizaji mzuri anafanya mambo madogo. Uchungu unapokuja anabana kiganja chake chini ya mgongo, juu kidogo ya matako, na kukikaza hapo hadi uishe. Kwa mzazi ambaye kisogo cha mtoto kimegeukia mgongo wake, hapo ndipo penye moto. Anamsimamisha, anamtembeza, anamlaza kwa ubavu badala ya chali. Anamnywesha chai ya sukari au uji mwepesi kama mkunga ameruhusu. Anamkumbusha kukojoa, maana kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka. Anapumua polepole mbele ya uso wake hadi naye afuate. Anashika fishi ya CPN na kujua kilichoandikwa ndani: kundi la damu, kama aliwahi kupasuliwa, kama alitoka damu nyingi uzazi uliopita. Na baada ya kondo kutoka, wakati wote wanamshangilia mtoto, yeye anaangalia kitenge kilicho chini ya mama. Kikilowa, anamwita mkunga papo hapo. Uchunguzi wa taifa wa 2013–2014 ulikadiria vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai Kongo, na kutoka damu ni kati ya sababu kubwa. Kwa hiyo jicho moja la ziada kwenye kitenge si anasa.

Yupo mama mmoja ambaye kwake shangazi hatoshi: aliyebakwa. Mji wetu unalijua hili kuliko miji mingi. Daktari Denis Mukwege alipoanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, hapa hapa Ibanda, alikusudia iwe mahali pa kuzalisha akina mama, kwa kuwa huko Lemera, alikofanya kazi awali, aliwaona wakifika wamechelewa, wanavuja damu. Mgonjwa wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa, na historia ya hospitali ikageuka. Panzi wapo wanawake wanaoitwa maman chérie, wanaompokea aliyefanyiwa ukatili na kumsindikiza katika matibabu yake. Mwanamke wa aina hiyo anapojifungua, kidole cha mkunga kinachopima njia kinaweza kumrudisha mahali alipobakwa kwa sekunde moja: anaganda, anapiga mateke, au anaacha kujibu. Anahitaji mtu aliyefundishwa, anayejua kumwambia mkunga “subiri, mwombe ruhusa kwanza,” na asiyeshtuka. Na mara nyingi hataki ndugu zake wajue. Hapo nasema waziwazi: tafuta mtu mwenye ujuzi, hata kwa kulipa.

Kulipa kunaeleweka pia kwa mama mgeni mjini, asiye na ndugu wa kike karibu, au ambaye ndugu zake ni wale wa kumvunja moyo. Na kwa mwenye uwezo ambaye amekwisha kutimiza mengine yote, sina ubishi naye.

Mengine hayo ni yapi? Kwanza, ada ya mutueli ya afya, ilipwe mapema, maana nyingi zina kipindi cha kusubiri kabla hazijaanza kulipia. Wote tunajua habari ya mama aliyejifungua salama akazuiwa hospitalini na kichanga chake kwa sababu ya deni; huko dula hatamtoa. Pili, akiba ya kupasuliwa, hata kama hutarajii. Tatu, usafiri. Anayeishi kwenye mteremko wa Panzi, ambako gari haifiki, atapanda ngazi za udongo usiku wa mvua hadi barabarani ndipo atafute pikipiki. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki zikafunga milango, wengi wamejifunza kwamba fedha ya uzazi inakaa nyumbani, mkononi, na simu ya dereva mmoja anayekubali kutoka usiku imeandikwa ukutani. Ukishamaliza hayo na fedha ikabaki, sawa, mlipe dula.

Ukimpata anayejiita dula, kwanza muulize mambo ambayo hafanyi. Akikuambia anaweza kupima njia, ana vidonge vya kuleta uchungu, au atakuzalishia nyumbani ili kuepuka gharama, muage kwa heshima na usirudi. Muulize atafanya nini ukianza kutoka damu, kuona ukungu, kuumwa kichwa kikali, au mtoto akiacha kucheza. Jibu ni moja: hospitali, sasa hivi. Muulize ni maternite ipi imewahi kumruhusu kuingia, kisha uende ukathibitishe mwenyewe. Muulize nani atakuja ikiwa usiku huo yeye hawezi kuvuka mji. Kwetu hilo ni swali la kila juma.

Kama utamchagua wa nyumbani, usichague kwa cheo cha ukoo. Mama mkwe anaweza kuwa bora kuliko wote, au akawa ndiye anayekunyamazisha kwa kusema wenzako walizaa bila kelele. Chagua aliyetulia, asiyeogopa damu, anayeweza kukesha, anayekubali kuongozwa na mkunga, na anayetunza siri. Nenda naye CPN angalau mara moja ili wakunga wamjue sura. Mume naye, pale vyumba vinaporuhusu, anaweza kabisa kuifanya kazi hii. Pale visiporuhusu, kazi yake ni fedha, usafiri na kumtafuta mchangiaji damu.

Kisha, siku hiyo hiyo ya CPN, mchana, wakati hakuna haraka, mwulize mkunga mkuu wa maternite yako: “Huyu dada yangu mtamruhusu akae nami hadi mwisho?” Akikataa, muulize ni kwa nini, na uulize pia kwenye maternite ya jirani. Wakuu wa maternite za Ibanda nao nawaomba: vitenge viwili na kamba vinatosha kutenganisha vitanda vitatu. Anzeni na hivyo.